Kinamasi Kilichofagiwa

Kesi ilikuwa imezeeka hata watu wa Kimumu wakaacha kuuliza imefika wapi. Mwanzoni Nabalayo alikuwa hafiki sokoni bila kusimamishwa: "Mama, kinamasi kimeshinda?" Sasa walimwamkia tu na kupita, kama mtu anavyompita mwenye mgonjwa wa siku nyingi, akiogopa kuuliza asije akapewa jibu lile lile.

Na jibu lilikuwa lile lile. Imeahirishwa. Mara wakili wa kampuni ana udhuru, mara shahidi amesafiri, mara karatasi moja imekosa muhuri na lazima irudi ilikotoka. Nabalayo alikuwa na gauni lake la korti, la buluu, lenye kola nyeupe, na viatu vyeusi vilivyombana kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Alijua ni benchi lipi lina msumari uliochomoza na lipi linapata jua asubuhi. Alikuwa akikunja leso mara nne na kuikalia, na bado jioni mgongo ulimlilia.

"Wewe umeolewa na korti," mumewe Kituyi alimwambia siku moja akimvua viatu. "Mimi hapa nimebaki mpangaji tu."

"Basi lipa kodi, niletee maji ya moto."

Kituyi alicheka, akaenda kuteka maji. Lakini Nabalayo hakucheka. Alikuwa amechoka ule uchovu ambao hata usingizi hauutoi.

Kinamasi chenyewe kiko nyuma ya nyumba za mwisho za Kimumu, bondeni, ambapo kijito kinapanuka na kusahau kutembea kabla ya kukumbuka tena na kuteremka kwenda mto Sosiani. Matete yake humpita mtu mrefu, na katikati kuna mafunjo, yale yenye vichwa kama nywele ambazo hazijachanwa. Upande wa chini maji hutoka safi, maana matete huyachuja kama chujio la chai, na watu huyateka kwa mitungi. Na kila mwaka wakati wa mvua korongo wa taji huja wawili, dume na jike, wakajenga kiota katikati kabisa, juu ya maji, ambapo mbwa hafiki. Kabla ya kujenga hucheza. Huruka, hutua, huinamishiana vichwa kama wakwe wanaoamkiana. Watu wakipita hapo na mizigo kichwani husimama wakaangalia.

Nabalayo alipoolewa kutoka Bungoma aliwakuta wanawake wakikata matete hayo kusukia mikeka, na alikuta sheria yao ambayo hakuna aliyeiandika: mnakata pembeni, kwa zamu, na katikati ni kwa ndege. Yeye mwenyewe aliifundisha wengine waliokuja baada yake, Wabukusu, Wamaragoli, hata akina mama waliotoka upande wa ziwa, mpaka kikawa kikundi chenye mwenyekiti na sare ya kitambaa.

Halafu ikaja kampuni ya kujenga gorofa. Ilikuja na karatasi iliyosema kwamba pale ni shamba kavu. Malori yakaanza kumwaga udongo mwekundu upande wa juu, na maji ya kuteka yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wakaenda kwa chifu, wakaenda ofisi hii, wakatumwa ofisi ile, mpaka mwishowe mtu akawaelekeza kwa wakili Aluoch, msichana wa Kisumu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, aliyefanya kazi na shirika la kuwatetea watu wasio na wakili. Aluoch ndiye aliyewaandikia kesi. Ilihitaji jina la kutangulia, na wote wakamtazama Nabalayo. Hivyo ndivyo alivyokuwa mlalamishi wa kwanza.

Jambo moja walilipata mapema. Jaji alitoa amri kwamba mpaka kesi iishe, mtu yeyote asikiguse kinamasi. Aluoch aliwasomea amri hiyo kanisani, polepole, kwa Kiswahili.

"Si kampuni, si ninyi," alisema. "Kibaki kilivyo."

"Amina!" wakajibu.

Lakini kila mmoja alikwenda nyumbani na ile sehemu iliyompendeza. Walisikia kampuni imefungwa mikono. Kwamba mikono yao pia imefungwa, hilo liliwapita juu ya vichwa, maana nani humkataza mtu shamba analoliombea? Hata Nabalayo aliwahi kumwona Linah Musimbi, mwenyekiti wa kikundi, akitoka na mzigo mdogo wa matete ya pembeni, naye akanyamaza. Ni ya pembeni tu, alijiambia.

Kisha, mwezi wa sita, Aluoch akaja na habari. Alikaa kwenye kiti cha Nabalayo, akanywa uji, akafuta miwani.

"Mama, karatasi zetu zinasema kinamasi, karatasi zao zinasema shamba kavu. Jaji amechoka na karatasi. Anakuja mwenyewe kuona."

"Hapa? Jaji?"

"Hapa. Na nakuambia ukweli, akiona kinamasi, kesi imekwisha. Akiona shamba, kesi pia imekwisha, na malori yanarudi siku inayofuata."

Siku chache kabla ya ziara hiyo, dada yake Kituyi akafariki kule Chepsaita. Nabalayo ndiye mke wa kaka wa marehemu. Hangeweza kukosa jikoni kwenye matanga ya wifi yake. Wangeimba jina lake mpaka wajukuu wakue. Alifunga leso mbili, akapita kwa Musimbi.

"Linah, mgeni nakuachia wewe."

"Enda uzike, Mama," Musimbi akamwambia, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mgeni wa korti ni mgeni tu. Hatatukuta na aibu."

Musimbi alikuwa mwanamke ambaye hata kuni zake zilipangwa kwa urefu. Askofu alipotembelea kanisa ni yeye aliyesimamia usafi, na askofu alikula akaomba ajulishwe ni nani aliyepika kunde. Nabalayo alikwenda Chepsaita roho imetulia.

Alirudi asubuhi ya siku yenyewe, kikapu mkononi, macho mekundu kwa moshi wa majiko ya matanga. Aliposhuka njia ya bondeni, kitu cha kwanza kilichomfikia ni harufu. Ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, ile tamu, ya siku wazazi wanapofyeka uwanja wa shule. Akaongeza mwendo. Akafika kwenye kona ya mwisho, akasimama.

Aliweza kuona ng'ambo.

Tangu aolewe hajawahi kusimama pale akaona ng'ambo ya kinamasi. Sasa aliona mpaka mikaratusi ya upande wa pili, na ng'ombe waliofungwa chini yake. Matete yote yalikuwa yamefyekwa. Mafunjo yalikuwa yamefyekwa. Vishina vilisimama vifupi, sawa sawa, kama kichwa cha mtoto kilichonyolewa kwa ajili ya chawa. Njia ya kuingilia ilikuwa imefagiwa, ukaona mistari ya fagio, na kandokando ya njia maua yamechomekwa kwenye udongo. Mwishoni paliwekwa meza yenye kitambaa cheupe, viti vya kanisa, chupa za chai, nduma iliyochemshwa iliyofunikwa kwa sahani, na karanga.

Wanawake wa kikundi walikuwa wamevaa sare zao. Walipomwona wakapiga vigelegele.

"Mama amerudi! Pole kwa msiba, Mama, karibu!" Musimbi alimjia, mikono imejaa malengelenge, uso unang'aa. "Si unaona? Siku mbili hatujalala. Hata akina mama wa mtaa wa West Indies walikuja kutusaidia na mapanga. Kulikuwa na msitu hapa, aibu! Nyoka angemuuma jaji wa watu, tungesema nini?"

Nabalayo alikiweka kikapu chini.

"Linah," akasema. "Ndege wako wapi?"

"Kuja nikuonyeshe, hilo nalo tumelipanga."

Alimwongoza mpaka kando ya meza. Chini, kivulini, palikuwa na beseni la plastiki la buluu. Ndani ya beseni kiota cha korongo kilikuwa kimewekwa chote kizima, na nyasi zake na matope yake, na ndani ya kiota mayai matatu, meupe ya kukaribia buluu.

"Kilikuwa katikati kabisa, majini," Musimbi alieleza. "Jaji angekifikia vipi? Tukakibeba pole pole, watu wanne, kama maiti. Hata yai moja halikuvunjika. Sasa ataona bila kujisumbua."

"Na mama yao?"

"Atakuja. Si hata kuku ukimhamisha na kiota chake anafuata mayai?"

"Amefuata?"

Musimbi aliangalia mikaratusi, halafu akaangalia kidole chake. "Jana walituzunguka wakilia. Huyu ana haya tu, watu ni wengi. Watu wakitoka atashuka."

Nabalayo alichutama. Aligusa yai moja kwa nyuma ya mkono, vile unavyomgusa mtoto mwenye homa. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Hakumkaripia. Angemkaripia kwa lipi? Mgeni akija unafyeka, unafagia, unamsogezea kitu kizuri karibu na mkono wake. Hivyo ndivyo mama zao walivyowafundisha, na hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyowafundisha binti zake. Kama msiba usingekuwa Chepsaita, kama angekuwa hapa, labda angekumbuka kusema, "Hapana, huyu anakuja kuona pori." Au labda naye angeshika panga. Hakuwa na hakika.

Aluoch alifika kabla ya wengine. Alikuwa amevaa gambuti, na viatu vyake vya korti amevibeba kwenye mfuko. Aliteremka njia iliyofagiwa akitazama maua huku na huku, mwendo wake ukazidi kuwa mfupi. Alipofika mezani akavua miwani, akaivaa tena.

"Karibu, wakili!" Musimbi akamwita. "Umetangulia kama bibi harusi asiyeaminika!"

Wanawake wakacheka. Aluoch hakucheka. Alimshika Nabalayo mkono, akampeleka kando mpaka pale udongo wa kampuni ulipomwagwa.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni wanawake wangu hao unaowaona. Walikuwa wanampokea mgeni."

Aluoch alikaa juu ya rundo la udongo na sketi yake safi. Nabalayo aliona jinsi msichana huyo alivyokonda tangu kesi ianze, na mvi moja juu ya sikio, katika umri ambao mvi haina kazi.

"Mama, amri ilisema mtu yeyote. Bwana Murunga wa kampuni akijua ni ninyi, ataomba kesi itupwe. Na atakuwa na haki."

"Na asipojua?"

Aluoch alitazama kibanda cha mlinzi wa kampuni kule juu, na magurudumu ya malori yaliyoacha alama. "Hao nao wana mapanga," alisema polepole. "Na wangekuwa wao, leo leo wangekuwa..." Akaziba uso kwa mikono. "Mimi sijasema kitu. Mimi ni mtu wa mahakama, Mama. Sijasema kitu kabisa."

"Nimesikia hujasema," Nabalayo akamjibu, akampangusa vumbi begani.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amefunga kitambaa kichwani na kuvaa gambuti zilizotumika. Nyuma yake karani aliyebeba faili, kisha wakili Murunga na mtu wa kampuni. Murunga alikuwa mtu wa Webuye, mwenye adabu hata unakosa pa kumchukia. Alipompita Nabalayo aliinama, akamwamkia kwa Kibukusu. "Mulembe, mayi. Nimesikia mmezika. Poleni sana."

Wanawake walianza wimbo wa kukaribisha. Jaji aliinua mkono, wimbo ukakatika katikati kama uzi. Musimbi alimvutia kiti.

"Keti, Mheshimiwa. Chai iko tayari, na nduma ni ya hapa hapa."

"Asante, Mama. Leo siwezi kula kwenu."

"Hata chai?"

"Hata maji. Nikila kwa upande mmoja, upande wa pili utasema nini?"

Musimbi aliirudisha sahani juu ya nduma. Alikuwa kama mtu aliyekataliwa mkono hadharani.

Jaji alitazama huku na huku. Alitazama kwa muda mrefu, na karani alisubiri na kalamu.

"Mheshimiwa," Murunga akasema kwa upole, "tumetoka mjini tukiambiwa tunakuja kuona kinamasi. Mimi naona uwanja. Tukiwa na mpira hapa, akina mama hawa watatufunga mabao."

Baadhi ya wanawake walicheka kabla hawajaelewa, halafu kicheko kikafa.

"Nani amekata hapa?" jaji akauliza.

Musimbi aliangalia mikono yake yenye malengelenge kama imekuwa ya mtu mwingine. Ndipo maana ya ile amri ilipomfikia. Nabalayo aliona ikimfikia, kutoka usoni mpaka mabegani. Kutoka nyuma mwanamke mmoja akapaza sauti, "Ni kampuni!" Mwingine akadakia, "Ndio, ni wao! Walikuja na mapanga!" Wengine wakaitikia.

"Uongo!" mtu wa kampuni akafoka. "Mheshimiwa, wanatusingizia!"

"Nyamazeni." Jaji hakupaza sauti. Alimgeukia Nabalayo. "Mama, wewe ndiye mlalamishi wa kwanza. Nani amekata?"

Aluoch aliangalia ncha za gambuti zake.

Nabalayo alijua kwamba neno moja lingetosha. Wao. Mtu wa kampuni hakuwa na wa kumwamini pale, na jaji angekuwa na sababu ya kuwaadhibu leo leo. Kinamasi kingepona. Lakini alijua pia neno hilo lingehitaji chakula, kama mfugo. Lingetaka shahidi wa kulithibitisha, na shahidi wa shahidi, na tarehe nyingine, na benchi lile lenye msumari. Miaka yote hii amekuwa akisimama mbele za watu akisema karatasi ya kampuni ni ya uongo. Hakuwa na nguvu za kufuga uongo wa kwake.

"Ni sisi, Mheshimiwa," akasema.

"Mama!" mtu akalia nyuma.

"Ni sisi. Tulisikia mgeni anakuja. Kwetu mgeni akija unafyeka. Hatukujua kukukaribisha kwa namna nyingine. Mimi nilikuwa matangani, lakini jina langu ndilo la kwanza, kwa hivyo andika ni mimi."

Kalamu ya karani ikatembea. Murunga alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi penye huzuni.

"Mheshimiwa, naona uchungu kusema, lakini lazima. Walalamishi wameikanyaga amri waliyoiomba wenyewe. Naomba kesi hii itupwe, pamoja na gharama."

"Nimekusikia." Jaji alikuwa akiliangalia beseni. Alichutama kando yake, gambuti zikalia. "Hiki kilikuwa wapi?"

Kisha Musimbi, bila kuambiwa, akavua viatu. Akaingia kinamasini na sare yake. Vishina vilimchoma nyayo, akawa anainua miguu kama kuku. Hatua za kwanza maji yalimfika kwenye vifundo. Halafu magotini. Aliendelea, sare ikaanza kuelea nyuma yake, mpaka akafika katikati, maji yakamshika mapaja. Akasimama akageuka.

"Hapa!" alipaza sauti, na sauti ikavunjika. "Kilikuwa hapa, Mheshimiwa! Mimi ndiye niliyekitoa. Nilidhani nakuletea karibu!"

Alisimama huko akilia, mikono juu ya kichwa, kama mtu aliyefiwa.

Jaji alimwangalia. Kisha naye akaingia, na gambuti zake, polepole, mpaka maji yakaanza kutishia kuingia ndani ya buti. Akasimama akamwambia karani, "Andika mwanamke amesimama wapi na maji yamemfika wapi." Akamgeukia Murunga aliyebaki ukingoni na viatu vyake vya kung'aa. "Wakili, uje uone uwanja wako."

Murunga hakuja. Alisema anaona kutoka pale.

Kabla ya kuondoka jaji alimwita Nabalayo. "Matete haya yataota?"

"Mvua ikiendelea hivi, Krismasi yatakuwa yananifika kifuani."

"Na ndege?"

Nabalayo alitamani sana kusema watarudi. "Sijui, Mheshimiwa," akasema.

Jioni hiyo walikirudisha kiota katikati, wakakifunga juu ya vishina kwa kamba. Korongo walikuja kesho yake, wakasimama mbali, wakaangalia. Hawakukalia mayai. Baada ya siku kadhaa kunguru waliyamaliza.

Hukumu ilisomwa baridi ya Julai ilipokuwa ikipungua. Nabalayo alivaa gauni la buluu. Jaji alisoma muda mrefu, kwa Kiingereza, na Aluoch akamnong'oneza. Kibali cha kampuni kimefutwa. Udongo uliomwagwa uondolewe kwa gharama ya kampuni. Pale ni kinamasi, mahakama imesimama ndani yake. Wanawake nyuma walishindwa kujizuia, wakapiga makofi, askari akawanyamazisha.

Walicheza uwanjani nje mpaka leso zikaanguka. Kisha Aluoch akawakusanya, na Nabalayo aliuona uso wake akajua kuna neno limebaki.

"Jaji amesema pia," Aluoch akaeleza, "kwamba pande zote mbili zimekiumiza kinamasi. Kitazungushiwa waya. Kampuni haitaingia. Na ninyi hamtaingia, mpaka wataalamu wa serikali wakae na wakazi wapange namna ya kukitunza."

"Kukata je?" Musimbi akauliza.

"Hakuna kukata."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni, Mama. Na mlalamishi wa kwanza ndiye atakayeripoti mahakamani mtu yeyote akivunja."

Macho yote yakamgeukia Nabalayo, vile vile yalivyomgeukia siku walipotafuta jina.

"Ungesema ni wao," mmoja akamwambia, si kwa hasira, kwa uchovu tu, "leo tungekuwa tunakata."

Nabalayo alivua kiatu cha kushoto, akasimama mguu mmoja juu ya nyasi za korti.

Aluoch alimfuata mpaka langoni. "Tunaweza kurudi kuomba, Mama. Tuombe mruhusiwe pembeni tu, kwa zamu, kama zamani. Ni ombi dogo."

"Ombi lina tarehe?"

Msichana alitabasamu bila furaha. "Lina tarehe."

"Basi niache nipumzike kwanza, mwanangu. Na wewe pumzika. Kula."

Waya ulifungwa. Mvua haikukatika, na kinamasi kikajiotea chenyewe, bila kumshukuru mtu. Maji ya kuteka yakarudi kuwa safi. Kikundi kilipungua, wengine wakaenda kuuza mitumba, wengine mboga. Musimbi alimwamkia Nabalayo kanisani, wakashikana mikono, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, wa kuondoka. Hawakuwa wamegombana, na kwa hivyo hakukuwa na mahali pa kuanzia kupatana.

Asubuhi moja Nabalayo alikwenda kuteka maji. Umande ulikuwa bado. Aliona kitambaa cha kikundi upande wa pili wa waya, na chini yake mgongo anaoujua. Linah Musimbi alikuwa ameinama pembeni mwa matete, kisu mkononi, na kando yake mashina machache yamelazwa, yamepangwa kwa urefu.

"Linah. Toka."

Musimbi hakushtuka. Alinyooka polepole. "Kuna harusi, Mama. Binti wa mzee wa kanisa. Wameniomba mikeka miwili tu, kama ile ya zamani. Ni ya pembeni hii."

"Naona ni ya pembeni. Toka."

"Watu wangapi wamepita hapa wakakata, umewaona?"

"Wewe ndiye nimekuona."

Musimbi alifuta kisu kwenye leso, upande mmoja, halafu wa pili. "Na nisipotoka? Utanishtaki mimi, Nabalayo? Mimi niliyelala miguuni pako ulipojifungua, mimi niliyekupikia?"

Nabalayo aliweka mtungi chini. Alitafuta ndani yake kama kuna hasira, au haya, akakuta tu kwamba mgongo unamuuma na siku ndiyo kwanza inaanza.

"Nitakushtaki, Linah," akasema. "Na siku hiyo nitakaa nawe benchi moja, maana najua mabenchi yale yalivyo magumu. Nitakuletea leso ya kukalia."

Musimbi alimtazama. Midomo yake ilitikisika, ikakaribia kuwa tusi, ikakaribia kuwa kicheko, ikakosa pa kuishia.

"Na wenye harusi niwaambie nini?"

"Waambie mikeka ya plastiki iko sokoni."

"Ya plastiki!" Musimbi akatema mate majini. Lakini alikiingiza kisu mfukoni. Aliyaacha yale mashina pale yalipolala. Akaja mpaka kwenye waya, akapitisha mguu mmoja, akakwama, akalaani mwiba wa waya kwa Kimaragoli.

"Ngoja," Nabalayo akamwambia, akainama kwa shida, akamwinulia waya wa juu kwa mikono yote miwili, gauni lisije likachanika.